Historia: Said bin Sultan, mtawala aliyepata kiti kwa jambia

Mhunde wa Masisi na Mnyanga wa Walikale wakikutana sokoni, mara nyingi wanapatana bei kwa Kiswahili. Lugha hiyo ilifika mashariki mwa Kongo katika karne ya 19, pamoja na misafara ya wafanyabiashara kutoka pwani ya Bahari ya Hindi. Nyuma ya misafara hiyo kuna mtu ambaye yeye mwenyewe hakufika Kivu hata siku moja: Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar.

Said alizaliwa Oman mwaka 1791. Baba yake aliuawa baharini mwaka 1804, na binamu yake Badr bin Saif akashika madaraka. Shangazi yake, Bibi Moza, hakumwamini Badr, na alimsukuma kijana achukue hatua. Mwaka 1806, huko Barka, Said akiwa na umri wa miaka 15 hivi alichomoa jambia lake na kumchoma binamu yake. Badr, akiwa na jeraha, aliruka dirishani akapanda farasi, lakini wafuasi wa Said walimfuata wakammaliza. Tangu siku hiyo Said alitawala kwa miaka 50.

Jambia ni kisu kifupi kilichopinda, ambacho wanaume wa Oman huvaa mbele, juu ya tumbo. Wembe wake si kitu cha ajabu; mali iko kwenye mpini na ala. Mafundi waliyeyusha reale za Maria Theresa ili wapate fedha ya kusuka nyuzi za mapambo, na mipini ya bei kubwa zaidi ilichongwa kwa pembe ya kifaru. Kuna aina moja inayoitwa Saidi, ambayo mpini wake umefunikwa fedha na ala yake mara nyingi ina pete saba. Waomani wanasimulia kwamba umbo hilo lilibuniwa na mke mmoja wa Said, binti wa kifalme kutoka Uajemi. Leo jambia liko kwenye bendera ya Oman, na mwaka 2022 UNESCO iliuingiza ufundi wake katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Inashangaza kidogo, ukikumbuka Barka.

Mwaka 1828 Said alifika Zanzibar kwa mara ya kwanza. Alipaona ni pazuri kuliko Muscat, akahamishia huko makao yake, akahimiza kilimo cha karafuu. Aliweka mkataba wa biashara na Marekani mwaka 1833, na mwaka 1837 akawashinda Wamazrui wa Mombasa. Utajiri wake ulitoka kwa karafuu, pembe za ndovu na watu. Waingereza walimfanya asaini mikataba miwili, ya 1822 na 1845, ya kupunguza usafirishaji wa watumwa ng'ambo. Lakini katika mashamba yake karafuu ziliendelea kuchumwa na mikono ya watumwa.

Alifariki tarehe 19 Oktoba 1856 ndani ya merikebu, karibu na Shelisheli. Mtoto wake Barghash, aliyekuwa naye safarini, alimzika Zanzibar usiku, kwa siri, akitaka kunyakua kiti. Alishindwa, Majid ndiye aliyerithi Zanzibar, na mwaka 1861 ikatenganishwa rasmi na Oman.

Misafara haikufa pamoja na Said. Livingstone aliwakuta wafanyabiashara hao Nyangwe, Maniema, mwaka 1871, akashuhudia wakiua watu sokoni. Baadaye Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, alijenga ngome yake Kasongo. Wafuasi wao waliitwa Wangwana, na ndiyo sababu wazee wengine bado wanaita Kiswahili chetu Kingwana.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Aliyesaini ni Barghash, yule mtoto aliyemzika baba yake usiku.