Newton na siku zake mbili za kuzaliwa

Newton unamjua, yule wa tunda la tofaa na nguvu ya mvutano. Hebu sasa niambie alizaliwa lini. Vitabu vingine vitakwambia Desemba 25, 1642, vingine Januari 4, 1643. Na vyote viko sawa!

Alizaliwa kijiji cha Woolsthorpe, Uingereza, miezi kama mitatu baada ya babake kufariki. Akiwa na miaka mitatu mamake akaolewa kwingine, yeye akabaki kwa nyanya. Nchi za Kikatoliki zilikuwa zimeshaanza kutumia kalenda mpya ya Papa Gregory tangu 1582, lakini Waingereza waligoma, kwa hivyo tarehe zao zilikuwa nyuma siku 10.

Mwaka 1661 alijiunga na Chuo cha Trinity, Cambridge. Tauni ilipofunga chuo 1665 akarudi kijijini, na huko ndiko alikochimba hisabati, mwanga na mvutano. Kitabu chake cha Principia kilitoka 1687. Uzeeni alisimamia kiwanda cha sarafu cha serikali, London, akiwaandama watengenezaji wa pesa feki.

Tuseme sasa unaweka tarehe zake kwenye R, ile lugha ya takwimu. Ukiandika as.Date("25/12/1642") halafu ubonyeze, haitalalamika hata kidogo. Itachukua 25 kuwa mwaka, na 16 ya mwanzo wa 1642 kuwa siku, ikupe 0025-12-16. Yaani Newton ameishi zama za Yesu! Ongeza format="%d/%m/%Y", siku kwanza kama tunavyoandika hapa Kenya, upate 1642-12-25. Lakini ngoja. R huhesabu kwa kalenda ya Gregory hata miaka ya zamani, na hii tarehe ni ya kalenda kuukuu. Jumlisha 10, utaona 1643-01-04.

Kifo chake ndicho kinachosumbua zaidi. Alifariki Machi 20, na Uingereza wakati huo mwaka mpya ulianza Machi 25. Ndiyo maana mnara wake pale Westminster Abbey umechongwa 1726, ilhali kwetu ni 1727. Tena pengo lilikuwa limefika siku 11, kwa sababu Februari ya 1700 ilikuwa na siku 29 kwa Waingereza na 28 kwenye kalenda mpya. Basi ni Machi 31, 1727. Ukinakili mwaka ulio kwenye jiwe, R itakuhesabia miaka 83 bila wasiwasi. Mzee alikuwa na 84.