Ahmad bin Majid, Mwalimu wa Bahari

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Baada ya sala ya alasiri hawakosekani vijana wa sekondari wanaobaki nyuma na daftari la fizikia, wakitaka wasaidiwe kazi waliyopewa shuleni. Safari hii maswali yalikuwa mawili: kwa nini sindano ya dira huelekea kaskazini, na kwa nini meli ya chuma huelea ilhali msumari mdogo unazama. Fani yangu ni masomo ya Kiislamu, na vijana hao wamekwishagundua zamani kwamba kwenye fizikia napapasa. Lakini yupo mtu aliyeishi na maswali hayo mawili umri wake wote, na uhai wake uliyategemea. Huyo ni Shihabuddin Ahmad bin Majid An-Najdi, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Alizaliwa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, Falme za Kiarabu, kwenye nusu ya kwanza ya karne ya 15. Baba yake na babu yake walikuwa marubani wa majahazi. Baba alitunga shairi la beti zaidi ya 1,000 juu ya njia za Bahari ya Shamu, na kijana Ahmad alisomea humo. Alipokua akaanza kulisahihisha. Vivyo hivyo aliwaheshimu marubani watatu wa zamani walioandika kabla yake, Muhammad bin Shadhan, Sahl bin Aban na Layth bin Kahlan, akajiita wa nne wao, lakini hakuficha kwamba walikusanya maneno ya watu kuliko walivyojaribu wenyewe. Wanafunzi mnaonakili majawabu ya jirani hapa mtanisamehe. Darasani jawabu lenye kosa hukupotezea alama. Baharini hukupandisha mwambani usiku, na watu wote waliomo chomboni.

Mwaka 1462 alikamilisha shairi lake refu la elimu ya bahari, na karibu 1490 akamaliza Kitab al-Fawaid, kitabu chake kikubwa. Aliandika mengi kwa nazmu kwa sababu ile ile inayotufanya madrasa tuhifadhishe kwa mahadhi: rubani hawezi kufunua kitabu wakati wa dhoruba. Alitunga pia shairi la namna ya kuijua Qibla popote mtu alipo.

Sasa turudi kwenye sindano. Dira haikubuniwa na Ibn Majid. Wachina walikwishasafiri nayo baharini karne kadhaa kabla yake. Yeye alijinasibu na jinsi ya kuiweka sindano juu ya duara lenye sehemu 32, ambazo Waarabu walizipa majina ya nyota zinapochomoza na zinapotua, kama Suhail na Thurayya. Thurayya ndiyo Kilimia chetu. Kabla ya hapo sindano iliwekwa majini. Mwandishi Baylak al-Qibjaqi, katika kitabu cha mwaka 1282, alieleza kwamba mwaka 1242 aliona chomboni, katika bahari ya Sham, sindano iliyosuguliwa kwa sumaku ikielea kwenye bakuli la maji. Akaongeza kuwa marubani wa Bahari ya Hindi walitumia samaki wa chuma chembamba, mtupu ndani. Akitiwa majini huelea, kichwa na mkia vikionyesha kaskazini na kusini.

Samaki huyo anajibu maswali yote mawili. Chuma ni kizito karibu mara 8 kuliko maji ya ujazo ule ule, ndiyo maana msumari unazama. Lakini samaki yule ana hewa tele tumboni, hivyo husukuma maji mengi pembeni. Uzito wa maji aliyoyasukuma ukishafikia uzito wake mwenyewe, hapo husimama, hazami tena. Kanuni hiyo aliieleza Mgiriki Archimedes katika karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (a.s.). Na kwa nini huelekea kaskazini? Jawabu lilichapishwa mwaka 1600 na tabibu wa Uingereza, William Gilbert: ardhi yenyewe ni sumaku kubwa.

Jambo la kuongezea kwenye daftari. Maji ya Mto Morogoro yanayoshuka Uluguru huingia Ngerengere, Ngerengere huingia Ruvu, na Ruvu humwaga baharini karibu na Bagamoyo. Mita moja ya ujazo ya maji ya mto ni kilo 1,000. Ya bahari ni karibu kilo 1,025 kwa ajili ya chumvi. Kwa hiyo jahazi likitoka bahari kuu na kuingia mtoni na shehena ile ile, hudidimia kidogo zaidi.

Ibn Majid aliijua pwani yetu. Shairi lake la Sofala linaeleza njia ya kupitia Malindi, Mombasa na Kilwa mpaka kusini kabisa. Kaskazini ya ikweta rubani hupima kimo cha nyota ya Jah kwa vidole, kila kidole karibu nyuzi 1.6. Ukivuka ikweta Jah huzama chini ya upeo wa macho. Sisi wa Morogoro, karibu nyuzi 7 kusini, hatuioni kabisa. Ikabidi apime kwa nyota nyingine. Na misimu ya kusi na kaskazi aliihesabu kwa siku za Nairuzi, kwani mwezi wa Hijria huzunguka majira yote.

Liko doa walilompaka. Aprili 1498 Vasco da Gama alichukua rubani Malindi, akavuka hadi Calicut. Zaidi ya miaka 70 baadaye, Qutbuddin al-Nahrawali wa Makka aliandika kwamba rubani huyo alikuwa Ibn Majid, tena akiwa amelewa. Maneno hayo yalienea sana karne ya 20 kupitia mtafiti Mfaransa Gabriel Ferrand. Lakini Mreno Barros alimtaja rubani kuwa Mwislamu wa Gujarati, aitwaye Malemo Caná. Malemo si jina. Ni muallim, cheo cha rubani, neno lile lile lililotupa mwalimu. Ibn Majid wakati huo alikuwa mzee, na hakuna mahali anapojisifu kwa safari hiyo, naye hakuwa mtu wa kuficha sifa zake. Watafiti wengi wa baadaye wamelikataa dai hilo, na mtawala wa Sharjah, Sultan bin Muhammad Al Qasimi, aliandika kitabu kizima kumtetea. Kwa maoni yangu dai hilo halina miguu.

Shairi la Sofala lilihifadhiwa Leningrad, huko Urusi, likachapishwa mwaka 1957. Vijana wangu nao walisugua sindano ya kushonea kwa sumaku ya spika mbovu, upande mmoja mara thelathini, wakailaza juu ya jani kwenye beseni la kutawadhia. Ikageuka polepole, ikatulia. Ncha moja ilielekea Qibla yetu, kaskazini, ikikosea kidogo tu. Kwa nini imekosea, hilo nimewaachia wamuulize mwalimu wao wa fizikia.