Mtu Aliyejiita Mwanafunzi

William Sealy Gosset alizaliwa Canterbury, Uingereza, mwaka wa 1876. Baada ya kusomea kemia na hisabati mjini Oxford, aliajiriwa mnamo 1899 katika kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin. Akichunguza shayiri, alikabiliwa na tatizo ambalo mtafiti wa elimu analifahamu vyema: sampuli zilikuwa ndogo mno. Je, tofauti ya wastani baina ya makundi mawili ni ya kweli au imetokana na bahati tu? Jibu lake, lililo msingi wa jaribio la t, alilichapisha mwaka wa 1908 kwa jina la kupanga, Mwanafunzi, kwa kuwa mwajiri hakuruhusu wafanyakazi kujitambulisha katika maandishi kama hayo.

Lakini ni shuleni ambako ukali wa fikra zake ulidhihirika. Mnamo 1930 wanafunzi wapatao 20,000 wa Lanarkshire, Uskoti, waligawanywa: nusu walipewa maziwa kwa miezi minne, nusu hawakupewa, kisha kimo na uzito wao ukalinganishwa. Idadi kubwa hiyo haikumpumbaza Gosset. Mwaka wa 1931 alionyesha kuwa wasiopewa maziwa walikuwa warefu na wazito zaidi tangu mwanzo. Walimu walikuwa wameruhusiwa kubadilisha majina ili makundi yalingane, na yamkini huruma, isiyolaumika kamwe, iliwafanya wawape maziwa watoto maskini. Jozi 50 tu za mapacha wa kufanana, alishauri, zingetoa jibu la kuaminika zaidi.

Gosset alifariki mwaka wa 1937, akiwa angali mwajiriwa wa Guinness.