Coppi, mwamba wa baiskeli aliyemalizwa na mbu

Kwenye Barabara ya Morogoro, kuanzia Mlandizi, ukipita Kwa Mathias pale Kibaha mpaka unaingia Kibamba, kijana aliyepakia mkaa kwenye baiskeli si habari. Anapanda kilima amesimama juu ya pedeli, malori yanampita ubavuni, na hakuna anayemwita mwanamichezo. Fausto Coppi naye alianzia huko huko. Tofauti ni kwamba mzigo wake ulikuwa nyama.

Alizaliwa Septemba 15, 1919, Castellania, kijiji cha wakulima kwenye vilima vya kaskazini magharibi mwa Italia. Tangu 2019 kijiji hicho kinaitwa Castellania Coppi. Kama ilivyo Kwa Mathias, nacho kimebeba jina la mtu. Shule haikumkaa. Akapata kazi buchani katika mji wa Novi Ligure, kazi ya kuwapelekea wateja nyama kwa baiskeli.

Kwa kumtazama tu, usingempa hata namba ya benchi. Miguu mirefu myembamba kama ya korongo, kifua kimetokeza mbele, na mifupa iliyovunjika mara kwa mara alipoanguka. Aliyeona kitu pale alikuwa kipofu. Biagio Cavanna, mchua misuli wa Novi Ligure aliyekuwa amepoteza macho, alimpapasa kijana huyo na kumsikiliza anavyopumua, akajua amepata mtu.

Mwaka 1940 timu ya Legnano ilimsajili Coppi kwa kazi moja: kumsaidia staa wao, Gino Bartali, kwenye Giro d'Italia. Kumbebea maji, kumkinga upepo, kumpa gurudumu lake akipata pancha. Mapema tu kwenye mashindano, mbwa akakatiza barabara, Bartali akaanguka na kuumia. Mbeba maji akaruhusiwa kukimbia mbio zake. Akatwaa ubingwa akiwa na miaka 20.

Hapo ndipo Italia ilipoanza kugawanyika, Simba na Yanga kabisa. Bartali alikuwa mcha Mungu wa kanisani, kipenzi cha watu wa mila za zamani. Coppi akawa wa wale waliotaka mambo mapya. Hadi leo ipo picha ya 1952 wakipasiana chupa ya maji mlimani, na mashabiki wazee bado wanabishana nani alimpa nani.

Vita ikamkatia maji. Novemba 1942, Milan ikiwa inapigwa mabomu, alivunja rekodi ya dunia ya saa moja kwa kwenda kilomita 45.798. Miezi michache baadaye alikuwa askari wa miguu Tunisia, na Aprili 1943 Waingereza wakamteka. Chukua mchezaji wa miaka 23, umtoe uwanjani, umrudishe ana 25. Yeye aliporudi, mwaka 1946 alishinda Milan–San Remo kwa tofauti ya dakika 14. Aliyeshika nafasi ya pili hakumwona hata mgongo.

Kisha ukaja 1949. Mei 4 ndege iliyowabeba wachezaji wa Torino, timu bora Italia wakati ule, ikagonga kilima cha Superga na kuua wote 31 waliokuwemo, akiwemo nahodha Valentino Mazzola. Nchi ilikuwa bado na msiba Giro ilipoanza mwezi huo huo. Juni 10 waendeshaji waliondoka Cuneo kwenda Pinerolo, si mbali na Torino yenyewe, milima mitano njiani: Maddalena, Vars, Izoard, Monginevro na Sestriere. Coppi alichomoka kwenye mlima wa kwanza. Zilikuwa zimebaki kilomita 192.

Kilomita 192 ni kama utoke Kariakoo, upite Kwa Mathias, Mlandizi na Chalinze, ukaishie Msamvu, Morogoro. Peke yako. Kwenye baiskeli adui mkubwa ni upepo, na anayekaa nyuma ya mwenzake huokoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndiyo maana watu huenda kwa msafara. Coppi hakuwa na wa kumkinga, na barabara nyingi za kule juu wakati huo hazikuwa na lami. Bartali alifika wa pili, dakika 11 na sekunde 52 baadaye. Hiyo si mbio, ni kuachwa solemba.

Alibeba Giro ile, na wiki chache baadaye akabeba Tour de France. Kabla yake hakuna aliyekuwa amewahi kuzishinda zote mbili mwaka mmoja. Akarudia 1952. Kwa ujumla Giro tano, Tour mbili, na ubingwa wa dunia wa 1953.

Nyumbani hakukuwa na ushindi wa aina hiyo. Juni 29, 1951 mdogo wake, Serse, naye mwendesha baiskeli, alianguka kwenye mbio karibu na Torino, akainuka, akamaliza, akarudi hotelini kwa miguu yake. Usiku huo akafa. Coppi nusura aache baiskeli. Baadaye mapenzi yake na Giulia Occhini, mke wa mtu wakati yeye mwenyewe ana mke, yaliwafikisha mahakamani, maana sheria ya Italia ilihesabu uzinzi kuwa kosa la jinai. Nusu ya mashabiki ikamgeuka.

Desemba 1959, akiwa na miaka 40 na miguu imechoka, alialikwa Upper Volta, Burkina Faso ya leo. Alikwenda na Wafaransa Jacques Anquetil, Raphaël Géminiani na wengine. Walishindana Ouagadougou Desemba 13, Anquetil akawa wa kwanza na Coppi wa pili, kisha wakaenda porini kuwinda. Coppi na Géminiani walilala chumba kimoja. Mbu waliwala wote wawili.

Homa ikamkuta Coppi nyumbani, siku chache kabla ya mwaka mpya. Kibaha, ambako tangu 2015 kipo kiwanda cha viuadudu vya kuua viluwiluwi wa mbu, mtu mwenye homa hutobolewa kidole kabla hajamaliza kujieleza. Mwaka 1959 hapakuwa na kipimo cha dakika 20, lakini darubini zilikuwepo na kwinini ilikuwepo. Madaktari wa Italia walimtibu ugonjwa mwingine.

Ufaransa, Géminiani alikuwa amepoteza fahamu kwa homa hiyo hiyo. Huko damu ilipimwa, ikaonekana malaria kali, akapewa kwinini. Familia yake ikapiga simu Italia kuwaambia waliokuwa wakimuuguza Coppi. Madaktari wakashikilia la kwao.

Coppi alifariki asubuhi ya Januari 2, 1960, hospitalini Tortona. Géminiani alipopata nafuu ndipo akaelezwa. Yeye aliishi mpaka Julai 2024, akafa akiwa na miaka 99.