Max Nordau: Misuli, Imani na Nyanda za Uasin Gishu

Wakamba wa Machakos husimulia kuwa nabii wao Syokimau, ambaye jina lake limebaki katika mji ulio karibu na reli, aliona nyoka mrefu akitambaa kutoka maji hadi maji. Nyoka huyo, yaani reli ya Uganda, alifika ziwani mwaka 1901. Mwaka uliofuata alimbeba Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, na safari hiyo ikamzalia wazo la kuwapa Wayahudi waliokuwa wakiteswa nchini Urusi sehemu ya nyanda za juu. Wazo hilo nusura limtoe roho Max Nordau.

Nordau alizaliwa Pest, Hungaria, tarehe 29 Julai 1849, kwa jina la Simon Südfeld. Baba yake alikuwa msomi wa Kiebrania na mshika dini. Mwana aliiacha dini, akabadili jina, akasomea udaktari na kuhamia Paris mwaka 1880. Chuki dhidi ya Wayahudi ndiyo iliyomrejesha kwao. Mwacha mila ni mtumwa.

Kwa jicho la tabibu, aliona kuwa karne nyingi za kubanwa katika mitaa finyu zilidhoofisha miili ya Wayahudi pamoja na heshima ya nafsi zao. Katika Kongamano la Pili la Wazayuni, Basel, mwaka 1898, alitoa wito wa Uyahudi wa misuli. Mwaka huohuo chama cha mazoezi ya viungo kilianzishwa Berlin, kikaitwa Bar Kochba, shujaa aliyewaasi Warumi. Hivyo mazoezi yakawa njia ya kuwakumbuka mababu.

Mwaka 1903, ingawa moyoni alikuwa na shaka, Nordau aliutetea mpango wa Afrika ya Mashariki kama hifadhi ya muda. Mwezi Desemba, mjini Paris, kijana Myahudi aliyeuchukia mpango huo alimfyatulia risasi, zikamkosa. Kongamano la mwaka 1905 liliukataa mpango. Wenyeji wa Uasin Gishu, eneo lililokusudiwa, hawakuwa wameulizwa neno.

Nordau hakuwa mtu wa sala. Maana ya kiroho ilifafanuliwa na Rabi Abraham Isaac Kook, ambaye katika kitabu chake Orot cha mwaka 1920 aliyaona mazoezi ya vijana kuwa chanzo cha nguvu kwa roho ya taifa, jambo lililowakasirisha baadhi ya wanazuoni.

Nordau alifariki Paris mwaka 1923, na mwaka 1926 mabaki yake yakazikwa Tel Aviv. Mjini humo, mwaka 1932, Michezo ya Maccabiah ilifanyika kwa mara ya kwanza. Nazo nyanda za Uasin Gishu zikaja kusifika duniani kwa wanariadha wake.