Charles Kettering, Mutu Aliyetuondolea Manivele

Katika namba hii tunapenda kuwaeleza maisha ya mutu ambaye kazi yake inasikilika kila asubui, wakati shofere anazungusha ufunguo na motere inawaka. Jina lake Charles Kettering.

Alizaliwa tarehe 29 mwezi wa nane 1876, karibu na Loudonville, jimbo la Ohio, inchi ya Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Macho yake yalikuwa zaifu, na kusoma sana kulimuletea maumivu ya kichwa. Kwanza alikuwa mwalimu wa masomo ya kijijini. Kisha akaingia universite ya Ohio State, lakini macho yakamushinda, akaacha. Hakukaa bure. Alienda kuchimba mashimo ya miti ya telefone na kufunga nyuzi zake. Halafu akarudi, wenzake wakamusomea vitabu kwa sauti, akapata diplome ya enjeniere mwaka 1904, akiwa na miaka 27. Sisi wenye kulalamika kila siku juu ya taa za etude, tufikiri kidogo hapo.

Mwaka ule ule alipata kazi katika muji wa Dayton, kwa kampuni yenye kutengeneza mashini za kuhesabia feza katika maduka. Alitia ndani yake motere kidogo ya umeme. Hapo alifahamu neno moja kubwa: motere ya umeme yenye kufanya kazi kwa muda mufupi tu, kisha kupumzika na kupoa, inaweza kubeba muzigo mukubwa kupita kipimo chake.

Wakati ule motokari ziliwashwa na manivele, kwa nguvu za mukono. Motere ikirudisha nyuma kwa gafula, manivele ilipiga mwenye kuishika. Watu wengi walivunjika mikono, wengine taya. Muzee Henry Leland, mukubwa wa Cadillac, alitaka hatari hiyo iishe. Wengi waliwaza kama motere ya umeme ya kuwasha motokari ingepaswa kuwa kubwa sana, hata isipate nafasi. Kettering alikumbuka ile mashini ya feza. Pamoja na wenzake wa Delco, kampuni waliyoanzisha mwaka 1909, alifanya kazi usiku na mchana. Mwezi wa pili 1911 Cadillac moja iliwaka bila manivele, na motokari za 1912 zikauzwa na demareri ndani.

Lakini demareri peke yake haingefaa kitu. Batri inatoa umeme, demareri inaukula, na kama hakuna wa kuurudisha, kesho batri iko tupu. Kettering alifanya kama duara: motere ikisha kuwaka, inazungusha dinamo, nayo dinamo inajaza batri tena. Katika kazi yake ya kwanza, mashini moja ilikuwa demareri na dinamo pamoja.

Mwenye kufahamu duara hiyo anaweza kupima motokari ya zamani bila kununua vyombo vipya bure. Washa taa kubwa, kisha jaribu demareri. Taa zikizimika kabisa, batri iko tupu, ao vichwa vyake vimelegea ao vimeota kutu: safisha, kaza, jaribu tena. Taa zikibaki na nguvu na demareri inanyamaza, umeme haufike: fuata nyuzi, kontakte, hata uzi wenye kushika chasi. Na kama motere inawaka vizuri lakini batri inakufa kila siku mbili, usilaumu batri haraka. Tazama mukanda wa dinamo kama umelegea, makaa yake kama yamekwisha, kisha regulatere. Taa kidogo nyekundu ikibaki inawaka wakati motere inazunguka, ni alama kama dinamo hairudishi kitu.

Baadaye Kettering aliongoza utafiti wa General Motors, toka 1920 mpaka 1947. Hapo hatutaki kuficha. Mwaka 1921 watu wake walivumbua namna ya kutia dawa ya risasi, ile madini yenye sumu, ndani ya esanse ili motere isigonge. Mwaka 1924 wafanya kazi wengine wenye kuitengeneza walipata wazimu na kufa. Hata hivyo iliendelea kuuzwa, na yeye aliitetea. Moshi wake uliumiza watoto wa dunia nzima. Inchi ya mwisho iliiacha mwaka 2021. Na mutu huyo huyo, mwaka 1945, alisaidia kuanzisha nyumba ya utafiti wa kansere katika New York, yenye kubeba jina lake pamoja na la Alfred Sloan. Alikufa katika Dayton tarehe 25 mwezi wa kumi na moja 1958.

Ndugu wanafunzi, akili ni zawadi ya Mungu, lakini haimuongoze mutu peke yake. Kettering alijua vizuri kama kila kinachotolewa kwa batri kinapaswa kurudishwa. Kwa moshi wa esanse, hakuuliza nani atalipa. Sisi tunaojifunza ufundi na sayansi, tuulize mambo yote mawili: kitu hiki kinafanya kazi namna gani, na kinamufanyia nini mwenzetu?