Gustave Flaubert, mwandishi aliyeambiwa auchome mswada wake

Septemba 1849, katika nyumba iliyo kando ya mto Seine huko Croisset, karibu na mji wa Rouen nchini Ufaransa, kijana wa miaka 27 aliwasomea marafiki zake wawili kitabu alichokuwa amekimaliza. Alisoma siku nne, jumla ya saa 32. Walikubaliana kwamba wasikilizaji wasiseme neno mpaka ukurasa wa mwisho. Usiku wa mwisho akawataka maoni yao. Wakamwambia autupe motoni, asiuzungumzie tena.

Kijana huyo ni Gustave Flaubert, mtoto wa daktari mpasuaji wa hospitali ya Rouen. Rafiki mmoja alikuwa mshairi Louis Bouilhet, mwingine mwandishi Maxime Du Camp. Tumemchagua leo kwa sababu wasikilizaji wetu wanaoandika hadithi hutuuliza mara kwa mara: nitajuaje kwamba kazi yangu ina kasoro?

Kitabu kile kilihusu mtakatifu Antonio, mtawa wa jangwani aliyejaribiwa na mashetani. Lugha yake ilikuwa ya kifahari, tamathali juu ya tamathali. Lakini hadithi haikusogea. Antonio amekaa pale pale, maono yanapita mbele yake, moja baada ya jingine, na nyuma ya kila sauti anasikika Flaubert mwenyewe akijimwaga. Hiyo ndiyo kasoro ambayo mwandishi huiona kwa shida, maana sehemu hizo ndizo anazozipenda zaidi.

Flaubert aliumia sana, lakini hakuuchoma mswada. Aliuweka. Akasafiri na Du Camp hadi Misri na nchi za mashariki, na aliporudi, Septemba 1851, akaanza kitu tofauti kabisa: habari ya mke wa tabibu wa mji mdogo, mwanamke aliyechoshwa na maisha yake, akaingia katika mapenzi ya nje na madeni hadi akajiua. Kitabu hicho ni Madame Bovary. Safari hii alijiwekea sharti gumu, kwamba mwandishi asijitokeze. Asimhukumu mhusika, asimweleze msomaji aone huruma wapi.

Kilimchukua karibu miaka mitano. Wiki nyingine alipata ukurasa mmoja tu. Alijijua kuwa mlevi wa tashibihi, akawa anazisaka katika rasimu zake na kuzifuta. Neno likijirudia karibu karibu, alilibadilisha. Kisha alisimama chumbani akaisoma sentensi kwa sauti kubwa, akipaza kama mtu anayehutubia uwanjani. Sentensi iliyombana pumzi aliiona mbovu, akarudi mezani. Jumapili Bouilhet alikuja, wakapitia kazi ya wiki pamoja, na mara nyingi kilichofuata kilikuwa kukata.

Mfano ambao wakulima watauelewa ni ule wa maonyesho ya kilimo. Flaubert alikwenda mwenyewe kuyaangalia mwaka 1852, kisha akatumia miezi kadhaa ya mwaka uliofuata kuandika tukio hilo moja. Juu, dirishani, mwanamume anambembeleza Emma Bovary kwa maneno matamu. Chini, wakubwa wanahutubia na kugawa zawadi za nguruwe na samadi. Maneno ya huku na huku yanaingiliana, na msomaji anauona uongo wa yule bwana bila kuambiwa. Halafu anaitwa kizee mmoja, mtumishi aliyefanya kazi miaka 54 katika shamba lile lile, apokee nishani ya faranga 25. Flaubert anatuonyesha mikono yake, jinsi kazi ilivyoiharibu.

Tuseme ukweli, si kila mtu anaweza kuandika hivyo. Flaubert aliishi kwa mali ya familia, mama yake akisimamia nyumba. Baada ya kushikwa na kifafa mwaka 1844 aliacha masomo ya sheria na hakuwa na ajira ya kumwamsha asubuhi. Anayetoka shambani jioni na kuandika kwa taa hana miaka mitano ya namna hiyo. Kusoma kwa sauti, hata hivyo, hakuhitaji mali.

Riwaya ilitoka katika jarida mwishoni mwa 1856, na Januari 1857 Flaubert akashtakiwa kwa kuvunja maadili. Mahakama ilimwachia Februari. Kesi hiyo ilikifanya kitabu kijulikane kote.

Na ule mswada wa Antonio? Aliurudia mwaka 1856, akauweka tena, akaurudia tena miaka ya baadaye, kila mara akipunguza. Ulichapishwa 1874, ukiwa mfupi sana kuliko ule uliosomwa kwa siku nne. Bouilhet hakuuona, alikuwa amefariki mwaka 1869. Flaubert mwenyewe alifariki Mei 1880 pale pale Croisset, akiwa katikati ya riwaya nyingine.